Begi la vitabu na laptopu Mombasa: la dukani, la mtumba, la turubai au la ofisini?

Shule zikikaribia kufunguliwa, vibanda vya Mwembe Tayari hufunikwa mabegi kuanzia chini mpaka kwenye mabati, na kila muuzaji huapa kwamba lake ndilo orijino. Mzazi huangalia bei, mtoto huangalia rangi. Wanaojiona wajuzi huvuta mikanda kwa nguvu kuona kama itakatika. Kuvuta si vibaya, lakini mkanda ukikatika, fundi viatu wa pale nje ataushona kwa shazia na uzi wa nailoni huku wewe wanywa kahawa, nawe utaendelea na safari zako. Yako maradhi mengine ya begi ambayo fundi huyohuyo akiyaona hutikisa kichwa tu. Hayo ndiyo ya kuyatafuta kabla hujatoa pesa.

Kwa hivyo nitazilinganisha aina nne za begi ambazo mnunuzi wa Mombasa hukutana nazo kwa kuuliza jambo moja: kila moja huanza kufa wapi, na je, hapo pana dawa? Aina zenyewe ni begi jipya la poliesta la dukani au kibandani, begi la mtumba la nailoni, begi la turubai la kushonesha kwa fundi, na begi la ofisini lenye mifuko chungu nzima.

Ninayemfikiria ni mtu anayebeba vitabu na laptopu kila siku. Tuseme anakaa Likoni, avuka feri kwa miguu, kisha adandia matatu mpaka Tudor, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Au ni mwanafunzi wa sekondari mwenye mzigo kama huo. Mtoto wa darasa la tatu asiye na laptopu mnunulie begi jepesi la rangi aipendayo, basi. Yeye atalisahau mahali kabla halijachakaa.

Mzigo una kilo ngapi?

Karatasi moja ya A4 ya kawaida ina gramu 5. Kitabu cha kurasa 200 cha ukubwa huo kina karatasi 100, yaani nusu kilo kabla ya jalada. Beba vitatu, umefika kilo moja na nusu. Madaftari na kalamu, kilo nyingine. Laptopu za inchi 14 wanazozipenda wanafunzi, zile ThinkPad na EliteBook zilizotumika katika maofisi ya Uingereza zikaletwa huku, huwa na kilo moja na nusu au zaidi kidogo, na chaja yake si nyepesi. Chupa ya maji ya lita moja ni kilo kamili, na kwa joto la hapa huwezi kumwambia mtu aiache nyumbani. Ukijumlisha na begi lenyewe, unakaribia kilo 6.

Ushauri unaotolewa sana na wataalamu wa afya ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili. Kwa mwanafunzi wa kilo 50 hiyo ni kati ya kilo 5 na kilo 7 na nusu. Yaani mtu wetu ameshaufikia mpaka akiwa na mahitaji ya kawaida tu. Hii ndiyo sababu begi tupu lenye kilo moja na nusu halimfai, hata liwe imara namna gani, na ndiyo sababu simshauri mwanafunzi anunue begi la lita 35. Lita 20 hadi 25 zinatosha. Nafasi ikizidi itajazwa: leo viatu vya mpira, kesho jezi, keshokutwa mkebe wa chakula wa tangu Jumatatu.

Hewa ya Pwani na utando wa ndani

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo begi la Mombasa linapoachana na begi la Nairobi.

Kitambaa cha poliesta au nailoni hakizuii maji chenyewe. Kinachozuia ni utando uliopakwa upande wa ndani. Ukiligeuza begi lisilo na bitana utauona: upande wa nje ni nyuzi, upande wa ndani ni laini na unang'aa kidogo. Utando huo huwa wa plastiki ya aina mbili kuu, poliurethani au PVC.

Poliurethani ni nyepesi na laini, na ndiyo inayopendwa kwenye mabegi ya bei kubwa. Ila aina zake nyingi zina adui mmoja, nao ni unyevu. Maji yaliyomo hewani hukatakata minyororo ya kemikali yake polepole, na joto huharakisha kazi hiyo. Kwenye kabati la nchi yenye baridi na ukavu begi huweza kukaa miaka mingi bila kuonyesha dalili. Hapa kwetu, kusi lije kaskazi lije, hewa haikauki. Utando huanza kunata, kisha hutoa harufu ya uchachu, kisha hubanduka vipande vipande mfano wa ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Vipande hivyo huganda kwenye majalada ya vitabu na kuingia kwenye matundu ya laptopu. Umpelekee fundi gani? Anachoweza kukufanyia ni kuukwangua wote utoke, na ukishatoka utabaki na begi linalopitisha mvua.

PVC ni nene zaidi, huongeza uzito, na baada ya muda hukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Lakini unyevu hauivunji kwa namna ile. Na kwa kuwa ni rahisi, ndiyo inayopakwa nyuma ya mabegi mengi ya shule ya bei ya chini. Matokeo yake ni kwamba begi la kibandani laweza kudumu Mombasa kuliko begi la heshima lililogharimu mara tano. Watu wengi hawaniamini nikiwaambia hivi, mpaka wakafungue kabati na kunusa lile begi walilolitunza kwa ajili ya safari.

Ngozi bandia nayo, ile inayowekwa kwenye kitako na vishikio vya mabegi ya kuvutia, mara nyingi ni poliurethani hiyohiyo juu ya kitambaa. Hubanduka vilevile. Ukitaka kujua, tazama makochi ya nyumba zilizo karibu na bahari.

Jua pia lina sehemu yake. Nailoni hushinda poliesta kwa kuhimili msuguano, lakini juani poliesta huvumilia zaidi. Kwa hivyo lile begi lililoning'inizwa mbele ya kibanda miezi kadhaa ili kuita wateja, usilinunue hata ukipunguziwa. Mwambie muuzaji akutolee mwenzake kutoka ndani.

La dukani: 600D na wenzake

Begi hili ndilo wengi wetu tutalinunua, basi tulichambue vizuri.

Kwenye lebo utaona 600D, mara nyingine 300D au 900D. Herufi D ni kipimo cha denia: uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa 600D ukinyooshwa mita 9,000 utakuwa na gramu 600. Kipimo hiki chasema uzi ni mnene kiasi gani. Hakisemi ni imara kiasi gani. Nailoni nzuri ya 500D yaweza kulishinda begi la poliesta ya 600D kwa kuhimili kukwaruzwa na sakafu ya matatu. Lakini poliesta kwa poliesta, 600D kushuka hadi 300D ni tofauti utakayoihisi kwa vidole, na kwa begi la laptopu nisingeshuka chini ya 600D.

Sasa ligeuze nje ndani, muuzaji anune asinune. Tazama mishono ya pembeni. Kitambaa kilichobaki baada ya mshono, ule ukingo, una upana gani? Ukiwa karibu sentimita moja na umefungwa kwa utepe ili nyuzi zisichomoke, hapo pana kitu cha kushika. Ukiwa mwembamba sana na nyuzi zinaning'inia, liache. Mshono wa namna hiyo haukatiki. Kitambaa chenyewe ndicho hufumuka na kutoka kwenye mshono, na fundi akitaka kuushona upya hapati pa kupitisha sindano. Hili ndilo gonjwa la kwanza lisilo na dawa kwenye mabegi mapya ya rahisi.

Mishono ikiwa michache lakini ukingo ni mpana, hiyo si kasoro kubwa. Hesabu: mishono mitatu hivi kwa kila sentimita ni kiwango kizuri. Miwili? Nunua, kisha nenda nalo moja kwa moja kwa fundi kabla halijabeba hata daftari moja. Mwambie, "Fundi, nishonee hapa pa mikanda, boksi na msalaba katikati, kwa uzi wa nailoni." Atakuelewa. Pale mikanda ya mabega inapoingia mgongoni juu, na pale ukanda mwembamba unapoingia pembeni chini, ndipo uzito wote unapoegemea. Kazi hiyo ni ya pesa kidogo, na begi linaondoka pale likiwa jingine.

Mabaya mengine ya begi la dukani: sponji ya mikanda. Ibonyeze kwa kidole gumba. Kidole kikifika upande wa pili bila kupingwa, baada ya muda mfupi utakuwa umebeba vitambaa viwili vitupu vinavyokata mabega. Sponji ngumu kiasi, ile ya jamii ya champali, hurudi ikibonyezwa na hainywi jasho.

Jina lililochapwa mbele nimeliacha makusudi. Halina uzito wowote kwenye hesabu hii.

La mtumba: robota la Kongowea

Kongowea robota la mabegi likifunguliwa, mwenye kuwahi ndiye mwenye kuchagua. Humo hutoka JanSport, kampuni iliyoanza Marekani mwaka 1967, Eastpak, na mabegi ya mlimani ya majina makubwa. Mengi ni ya nailoni nzito, na baadhi yana lebo ndogo ya Cordura, ambayo ni alama ya biashara ya vitambaa vilivyotengenezwa kuhimili msuguano. Muuzaji atakwambia, "Dada, hili ni la majuu, hili halifi."

Ana haki nusu. Begi lililobebwa na mtoto wa watu miaka minne na bado mishono yake imesimama limeshafanya mtihani ambao begi jipya halijaufanya. Jina la Hans au Emily lililoandikwa kwa kalamu kwenye bitana lisikukere. Hilo ni cheti cha utumishi.

Nusu nyingine ndiyo hatari. Utando wa poliurethani huzeeka hata begi likiwa limetundikwa tu. Begi la mtumba lina umri usioujua, limesafiri ndani ya robota lililobanwa, ndani ya kontena lenye joto, na sasa limefika Mombasa ambako unyevu utaumaliza utando huo. Kwa nje linameremeta. Kwa hivyo ingiza mkono mpaka kitakoni, bandika kiganja kwenye kitambaa, hesabu mpaka kumi, kisha kibandue. Kikinata, rudisha begi mahali pake. Pitisha vidole pembeni: ukiona unga mweupe au vigamba, rudisha. Nusa. Harufu ya vumbi na sabuni ya mitumba huoshwa ikatoka. Harufu ya uchachu haitoki.

Likiyapita hayo matatu, mengine yote yana dawa. Zipu imekwama? Kichwa cha zipu hubadilishwa. Mkanda umelegea? Bizimu ya plastiki hutolewa kwenye begi jingine lililokufa. Kitako kimetoboka? Kiraka cha turubai. Ndiyo maana begi la mtumba lenye mkanda uliokatika, lililotupwa kando kwa bei ya kutupa, laweza kuwa bora kuliko lile zima la juu ya meza.

Kasoro yake kwa mtu wetu ni kwamba mengi ya haya, hasa ya shule ya zamani, hayakutengenezwa kwa ajili ya laptopu. Ni gunia moja kubwa na mfuko wa mbele. Itakubidi ununue kifuko cha sponji cha laptopu kando, na ukihesabu gharama hiyo bado huwa umelipa chini ya begi jipya zuri.

La turubai: kushonesha

Mji wa bandari na malori haukosi mafundi wa turubai na wa viti vya magari, na cherehani zao hupita kwenye tabaka ambazo cherehani ya nguo ingevunja sindano. Wachache hufikiria kuwapelekea kazi ya begi la shule. Huko Zurich, Uswisi, ndugu wawili wa jina la Freitag walianza mwaka 1993 kushona mabegi kwa turubai kuukuu za malori, na leo yanauzwa ghali. Lamu nako wapo wanaoshona mifuko kwa tanga kuukuu za majahazi. Kwa hivyo wazo si la kishamba.

Lakini turubai ni mbili. Turubai la pamba ni zuri kwa macho na halikatiki ovyo, ila hunywa maji, hukauka kwa taabu, na katika masika ya Aprili na Mei hushika ukungu ukiliacha limelowa usiku mmoja au miwili. Uzi wa pamba nao huoza. Turubai la plastiki, poliesta iliyopakwa PVC pande zote mbili, halijali mvua wala chumvi. Unalifuta kwa kitambaa, basi. Bei yake ni uzito, na joto: halipumui, na mgongo wako utalowa jasho kabla hujafika stejini.

Ukishonesha, usimwekee fundi zipu kubwa mdomoni. Mwambie aache mdomo mrefu wa kukunjwa mara tatu kisha ufungwe kwa bizimu pembeni. Hapo umeondoa kitu kinachoharibika zaidi kwenye mabegi yote, na mvua haina pa kuingilia ila kwenye matundu ya sindano. Mikanda iwe na upana wa vidole vinne. Sisitiza uzi wa poliesta au nailoni. Utalipa zaidi ya begi la kibandani, na huenda likakosa umbo, kwa kuwa fundi wa viti si mbunifu wa mabegi. Mtu anayependa kupendeza chuoni hatalitaka. Ila gonjwa lisilo na dawa sijaliona kwenye aina hii; likitoboka, kiraka chake ni turubai lilelile.

La ofisini

Hili ni lile jeusi lenye umbo la sanduku, mifuko kumi na miwili, na tundu la USB pembeni. Wazazi hulipenda kwa kuwa laonekana la kazi. Lile tundu la USB, tuseme ukweli, ni waya tu: betri ya kuchajia ununue mwenyewe, uiweke ndani, na pale waya unapopenyea nje mvua nayo hupenyea ndani.

Wema wake mkubwa ni mfuko wa laptopu, ambao mara nyingi ni bora kuliko wa aina zote nilizotaja. Mengine yana zipu iliyofichwa upande wa mgongo, jambo zuri kwenye msongamano wa feri ambako wengine wetu tunalazimika kuvaa begi kifuani. Lakini vyumba vyake vimepimwa kwa faili na karatasi. Ukitia vitabu vitatu vinene, tumbo huvimba, zipu hukazwa kwenye kona, na mzigo hukuvuta nyuma. Ongeza kwamba tupu lenyewe ni zito, na kwamba vipande vya ngozi bandia vitaanza kubanduka. Kwa mtu wa laptopu na daftari moja, sawa. Kwa mtu wa vitabu, hapana.

Zipu, kwa begi lolote lile

Zipu za chuma zikae mbali na mji huu. Chumvi ya hewani huzila, na hata kwenye zipu za plastiki kichwa chake huwa cha chuma cha rahisi kilichopakwa rangi. Rangi ikichubuka, kichwa hufanya unga mweupe na kukwama. Ikikwama usiivute kwa hasira. Paka mshumaa au kipande cha sabuni kavu kwenye meno, ipeleke mbele na nyuma.

Kati ya zipu za plastiki, chagua ile ya nailoni iliyojisokota kama uzi mmoja mrefu, si ile yenye meno makubwa mojamoja. Ya kujisokota hukunja kona vizuri, na ikiachama unarudisha kichwa nyuma kisha unafunga tena. Ile ya meno, jino moja likivunjika, zipu nzima imekwisha. Ukubwa husomwa kwa nambari, mara nyingi nyuma ya kichwa: 3, 5, 8, 10, takriban upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Kwa mdomo mkuu wa begi la vitabu tafuta 8 au 10. Nambari 5 yafaa mfuko wa mbele. Alama ya YKK, kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1934, ni dalili njema ikiwa ya kweli, ila hata kichwa cha bandia huchapwa herufi tatu hizo. Upana upime mwenyewe kwa rula.

Mfuko wa laptopu

Inchi 14 au 15.6 ni urefu wa kioo kutoka pembe hadi pembe. Hauhusiani moja kwa moja na begi. Laptopu ya 15.6 ina upana wa sentimita 36 hivi, na yenye kingo nene huzidi. Nenda na laptopu yenyewe, au kata boksi la ukubwa wake ubebe hilo ikiwa waogopa kupita sokoni na kifaa.

Jambo linalosahauliwa ni kitako. Mifuko mingi ina sponji mbele na nyuma, lakini chini inafika mpaka sakafu ya begi. Ukiliweka begi chini kwa kishindo, pembe ya laptopu ndiyo inayopokea. Mfuko mzuri huishia vidole viwili au vitatu juu ya kitako, ukaning'inia. Ikiwa begi lako halina hilo, kipande cha champali kuukuu kilichokatwa kwa kisu na kuwekwa chini kinafanya kazi ileile.

Na mvua ya Mombasa haibishani na begi lolote lenye zipu. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017, kwa hivyo ile njia ya zamani ya kuifunga laptopu ndani ya mfuko wa sokoni haipo tena. Kifuniko cha mvua cha kuvisha begi zima hununuliwa kando, na kinakunjika kikaenea mfukoni.

Mambo mawili ya kwetu

Wanaovaa buibui wajihadhari na begi lenye velkro mgongoni au kwenye mikanda. Velkro huvuta nyuzi za kitambaa chepesi, na buibui la gharama huharibika kabla ya begi. Mgongo uwe laini.

Na kwa vijana wanaotoka shule wakaenda chuo cha Kurani jioni, tafuta begi lenye mfuko wa juu uliotengana na vingine, wenye kuingia msahafu bila kusukumwa chini pamoja na viatu vya mpira. Mabegi ya mlimani ya mtumba yana mfuko huo kwenye kifuniko, la ofisini huwa nao mbele, la turubai wamwambia fundi aongeze. La dukani mara nyingi halina.

Nani achukue lipi

Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye muda wa kwenda Kongowea mapema na mkono wa kupapasa bitana: mtumba wa nailoni, pamoja na kifuko cha laptopu. Kwangu hili liko mbele ya mengine yote.

Mzazi mwenye watoto watatu na Jumamosi moja ya kununua kila kitu: la dukani, 600D yenye utando wa PVC ndani, ukingo mpana, zipu nambari 8, na moja kwa moja kwa fundi. Usione uvivu kwa safari hiyo ya fundi. Begi la shilingi 1,000 likifa kila muhula limekugharimu 3,000 kwa mwaka wa mihula mitatu, na hujahesabu siku mtoto aliyorudi amebeba vitabu kwapani.

Anayevuka Likoni asubuhi na jioni, masika na kiangazi, na hajali sura: turubai la plastiki. Mwenye gari, laptopu na madaftari mawili achukue la ofisini kwa amani.

Lolote utakaloamua, siku ya kununua nenda na mzigo wako halisi, vitabu vyote na laptopu. Mwombe muuzaji akupe nafasi, pakia, vaa, kaza mikanda mpaka kitako cha begi kikae juu ya kiuno, kisha panda na kushuka ngazi yoyote iliyo karibu. Zipu ikikaza kwenye kona wakati huo, au bizimu zikiteleza mikanda ikarefuka yenyewe, jaribu jingine palepale. Muuzaji akikataa begi lake lisitiwe vitabu, kibanda cha pili kiko hatua tatu.